Shindano Lililoachwa: Uchambuzi wa Kisa cha Farasi Sovereignty katika Msimu wa 2025

Jumamosi ya tarehe 3 Mei 2025, farasi dume wa miaka mitatu aitwaye Sovereignty alishinda Kentucky Derby katika uwanja wa Churchill Downs, mjini Louisville, Marekani. Siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba hatapelekwa Baltimore kukimbia Preakness Stakes, shindano la pili kati ya matatu yanayounda Mataji Matatu ya Marekani. Kwa tangazo hilo mkufunzi wake, Bill Mott, pamoja na mmiliki wake, Godolphin, ambayo ni taasisi ya farasi ya Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, waliifunga kwa mikono yao njia ya kuelekea heshima ambayo tangu 1919 imepatikana na farasi 13 tu. Farasi alikuwa mzima. Kilichowafanya wamzuie ni kalenda.

Hapa Dodoma hatuna uwanja wa mbio za farasi, na wengi wetu tumezoea zaidi punda wanaobeba maji na mizigo vijijini. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu swali lililomkabili Mott wiki ile ndilo linalotukabili sisi tunaofundisha riadha katika shule na vilabu vya Dodoma na Singida kila unapokaribia msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Mkimbiaji ameshinda leo, anaonekana ana nguvu, kila mtu anamtaka akimbie tena wiki ijayo, na shindano kubwa zaidi bado liko mbele. Katika riadha yetu swali hilo hujibiwa kwa haraka na kwa maneno matupu. Katika mbio za farasi kila tarehe imeandikwa, kila umbali umepimwa na kila matokeo yamehifadhiwa, kwa hiyo uamuzi unaweza kufuatiliwa tangu ulipofanywa hadi mwisho wake.

Kalenda aliyoikuta mkufunzi

Mataji Matatu ni ya farasi wa miaka mitatu peke yao, jambo linalomaanisha kwamba kila farasi anapata nafasi moja tu maishani mwake. Kentucky Derby hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei kwa umbali wa takriban mita 2,000. Wiki mbili baadaye hufuata Preakness, takriban mita 1,900, na wiki tatu baada ya hapo hufuata Belmont Stakes, ambayo kwa kawaida ni takriban mita 2,400. Mnamo 2025 Belmont ilihamishiwa Saratoga, katika jimbo la New York, kwa sababu uwanja wa Belmont Park ulikuwa unajengwa upya, na umbali wake ukapunguzwa hadi takriban mita 2,000. Kwa hiyo farasi anayeyataka mataji yote anapaswa kukimbia mara tatu ndani ya wiki tano, katika majimbo matatu, dhidi ya wapinzani ambao baadhi yao wamepumzishwa makusudi ili wamsubiri.

Ratiba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mnamo 1919, Sir Barton, farasi wa kwanza kuyatwaa mataji yote, alikimbia Derby tarehe 10 Mei na Preakness tarehe 14 Mei, yaani siku nne tu baadaye. Mnamo 1948, Citation alikimbia mara 20 katika mwaka mmoja na kushinda mara 19, na hata kati ya Preakness na Belmont aliingizwa katika shindano jingine huko New Jersey akalishinda. Mnamo 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, mpangilio ulipinduliwa kabisa: Belmont ilikimbiwa Juni, Derby Septemba na Preakness Oktoba. Waandaaji, basi, wanaweza kuzisogeza tarehe wanapolazimika. Wasipolazimika, mzigo wote wa kuzipatanisha na mwili wa mnyama unabaki mabegani mwa mkufunzi.

Kabla ya kufika Derby, farasi lazima apate nafasi ya kuingia. Tangu 2013 nafasi hizo, ambazo hazizidi 20, hugawiwa kwa pointi zinazokusanywa katika mashindano maalumu ya matayarisho, na pointi huwa nyingi kadiri Mei inavyokaribia. Utaratibu huu umebadilisha mazoezi kuliko mashabiki wengi wanavyotambua, kwa kuwa mkufunzi hahitaji tena kukimbiza farasi mara nyingi. Anahitaji kumkimbiza vizuri mara chache zilizochaguliwa. Sovereignty alipata pointi 10 kwa kushinda Street Sense Stakes mwishoni mwa Oktoba 2024, kisha pointi 50 kwa kushinda Fountain of Youth Stakes huko Florida tarehe 1 Machi 2025. Kwa pointi 60 nafasi yake Louisville ilikuwa karibu imehakikishwa. Alipokimbia Florida Derby tarehe 29 Machi na kushika nafasi ya pili, akipata pointi nyingine 50, hakuwa analazimika kushinda siku ile.

Naomba msomaji atue kidogo hapo kwenye kushindwa kwa Machi. Katika mazoea yetu, mkimbiaji anayeshika nafasi ya pili katika shindano la matayarisho huonekana ameshuka, na mwalimu huanza kumwongezea mazoezi makali ili arudi haraka. Mott alimpa farasi wake siku 35 kamili hadi Derby. Siku hiyo, juu ya udongo uliolowa mvua, mpanda farasi Junior Alvarado alimvuta nyuma mwanzoni, akamwachia katika kona ya mwisho, na wakaushinda ushindani wa farasi aliyependelewa zaidi, Journalism, kwa urefu wa farasi mmoja na nusu. Wa tatu alikuwa Baeza.

Uamuzi na sababu zake

Zawadi ya Preakness ilikuwa dola milioni 2. Mvuto wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa Mataji Matatu yenyewe, ambayo hayakuwa yametwaliwa tangu Justify ayatwae 2018. Kabla ya hapo American Pharoah alikata mwaka 2015 ukame wa miaka 37. Mshindi wa Derby ndiye farasi pekee mwenye njia hiyo kila mwaka, na kumwondoa ni kuwanyima mashabiki, waandaaji na vyombo vya habari kitu walichokisubiri. Lawama zilikuja, na sidhani zilikuwa za kipumbavu, kwa kuwa shindano linaloitwa la ubingwa linapoteza maana ikiwa bingwa hayumo.

Ili kuuelewa upande wa pili ni lazima tuingie ndani ya mwili wa farasi. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na anapokuwa kasi kamili mguu mmoja wa mbele hubeba, kwa nukta fupi sana, mzigo unaozidi uzito wa mwili wake wote. Mfupa ulio chini ya goti hujibu mzigo huo kwa kujiimarisha, lakini kazi ya kujiimarisha huanza kwa kuondoa sehemu zilizochakaa kabla ya kujaza mpya, kwa hiyo kuna kipindi ambacho mfupa unaotengenezwa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Misuli nayo hutumia akiba yake ya sukari, na kwa farasi akiba hiyo hurudi polepole kuliko kwa binadamu, mara nyingi ikichukua saa 48 hadi 72 hata akilishwa vizuri. Ongeza safari ndefu, maji yaliyopotea kwa jasho na banda geni, ndipo utaona kwamba siku za kwanza baada ya shindano kubwa si siku za mazoezi hata kidogo. Ni siku za kumtembeza, kumtazama miguu, kupima joto lake na kuangalia kama anamaliza chakula chake.

Sasa tuhesabu. Katika siku 14, wiki ya kwanza yote ni ya kurudisha mwili. Katika wiki ya pili mkufunzi anaweza kumpa farasi mazoezi mepesi, pengine na zoezi moja fupi la kasi, halafu anaingia tena katika siku za kupunguza kazi kabla ya shindano. Kwa maneno mengine, kati ya Derby na Preakness hakuna mafunzo; kuna kulinda kilichopo. Katika siku 35, mkufunzi yuleyule anapata wiki ya kupumzisha, kisha wiki tatu ambazo kila moja ina zoezi la kasi la umbali wa mita 800 au 1,000, na bado anabakiwa na siku za kupunguza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya farasi anayefika Belmont akiwa amebaki na nguvu na farasi anayefika akiwa amejengwa upya.

Kitu kingine kinachoonekana katika rekodi ya Sovereignty ni mwendo wake wa mwaka mzima. Kutoka Fountain of Youth hadi Florida Derby ni siku 28. Kutoka hapo hadi Derby ni siku 35. Kutoka Derby hadi Belmont, ukiiruka Preakness, ni siku 35 nyingine. Hakuna mahali katika msimu huo ambapo alikimbia akiwa na nafasi chini ya wiki nne. Kumwingiza Preakness kungekuwa kumbadilishia desturi yake yote katikati ya msimu, tena mara tu baada ya kukimbia kwa nguvu zake zote kwenye udongo wenye maji. Mott, ambaye huko nyuma alimwongoza Cigar hadi ushindi wa mashindano 16 mfululizo, alikuwa na uzoefu wa kutosha kujua kwamba ratiba iliyomfikisha farasi kwenye ushindi haipaswi kutupwa siku ya ushindi.

Fedha pia zilikuwamo, na hazikuwa zikivuta upande mmoja. Farasi dume aliyeshinda Derby tayari ana thamani kubwa kama mzalishaji, kwa kuwa katika uzao huu kila mtoto lazima apatikane kwa kupandana kwa kawaida na kila upandaji hulipiwa. Kwa Godolphin, ambao walikuwa wanaipata Derby kwa mara ya kwanza, kushindwa vibaya Baltimore kungepunguza thamani hiyo, na jeraha lingeweza kuifuta. Si mara ya kwanza hesabu kama hizo kubadilisha safari ya mshindi wa Derby. Mnamo 1985, Spend a Buck aliiacha Preakness ili akimbie New Jersey, ambako kulikuwa na nyongeza ya dola milioni 2.

Yaliyofuata, na jinsi ya kuyasoma

Tarehe 17 Mei Journalism alishinda Preakness baada ya kubanwa katikati ya wenzake kwenye kona ya mwisho na kupenya katika mita za mwisho kwa namna ambayo watazamaji wengi hawakuitarajia. Tarehe 7 Juni wakakutana tena Saratoga. Sovereignty akashinda kwa urefu wa farasi watatu, Journalism akawa wa pili na Baeza wa tatu, mpangilio uleule wa Louisville. Tarehe 26 Julai Sovereignty alishinda Jim Dandy Stakes, na tarehe 23 Agosti akashinda Travers Stakes kwa urefu wa farasi kumi.

Msomaji mwenye haraka atasema uamuzi umethibitika. Mimi nasita, na nitaeleza kwa nini. Mnamo 2022, Rich Strike alishinda Derby bila kutarajiwa na yeyote, akaondolewa Preakness kwa sababu hizihizi za kupumzishwa, akaenda Belmont akiwa na wiki tano zilezile, na akamaliza wa sita. Uamuzi ulikuwa uleule na matokeo yakawa kinyume. Tukiwasifu wamiliki wa 2025 kwa sababu walishinda, itabidi tuwalaumu wamiliki wa 2022 kwa sababu walishindwa, na kwa njia hiyo hatutajifunza lolote kuhusu ratiba. Tutakuwa tunasoma matokeo tu. Uamuzi wa mkufunzi upimwe kwa yale aliyoyajua siku ile alipouamua: hali ya miguu ya farasi, desturi yake ya kukimbia, udongo aliotoka kukimbilia, na shindano analolenga. Kwa kipimo hicho uamuzi wa Mott ulikuwa sahihi hata kama Sovereignty angeshindwa Saratoga.

Journalism naye anatuzuia tusiwe wepesi wa kuhukumu. Yeye ndiye farasi pekee aliyekimbia mashindano yote matatu mwaka ule. Ni kweli kwamba pengo kati yake na Sovereignty lilikua kutoka urefu wa farasi mmoja na nusu hadi watatu, na mtu anaweza kuliita pengo hilo gharama ya Baltimore. Lakini Derby ilikimbiwa kwenye matope, uwanja wa Saratoga ulikuwa tofauti, na hata mwendo wa viongozi katika mita za mwanzo haukuwa mmoja, hivyo hatuwezi kuutenganisha uchovu na mambo hayo mengine. Zaidi ya hayo, Journalism hakuporomoka. Tarehe 19 Julai, baada ya wiki sita za kupumua, alishinda Haskell Stakes huko New Jersey. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba aliyekimbia mara tatu katika wiki tano alipewa mapumziko baadaye badala ya mapema. Hakuna ratiba iliyofaulu bila kuyalipa mapumziko hayo mahali fulani.

Kisha likaja shindano lililokuwa mwisho wa hesabu zote: Breeders' Cup Classic, Jumamosi ya tarehe 1 Novemba, uwanja wa Del Mar, California, kwa zawadi ya dola milioni 7. Mashindano ya Breeders' Cup yalianza 1984 kama siku moja ya ubingwa, na tangu yalipoanzishwa yameuvuta msimu wote wa pili wa mwaka kuelekea kwake, hasa kwa kuwa tangu 2007 mshindi wa baadhi ya mashindano ya katikati ya mwaka hupewa nafasi ya moja kwa moja. Mott aliacha wiki kumi kati ya Travers na Classic bila shindano lolote. Farasi akasafirishwa hadi California, akafanya mazoezi, na katika wiki ileile ya shindano akapatwa na homa. Akaondolewa. Forever Young kutoka Japani akashinda, akiwa farasi wa kwanza wa nchi hiyo kulitwaa shindano hilo, na Journalism, aliyekuwa amekimbia mashindano yote matatu ya Mataji Matatu, akamaliza wa nne.

Homa ile inaniuma kila ninapoisoma rekodi hii, kwa sababu inaonyesha ukomo wa kazi yetu. Mtu anaweza kupanga siku 245 kutoka Machi mosi hadi Novemba mosi, asikosee hata wiki moja, na bado asifike kwenye mstari wa kuanzia. Hata hivyo ndani ya tukio hilo kuna uamuzi wa pili usiosifiwa sana: walimwondoa. Hawakusubiri kuona kama joto lingeshuka asubuhi ya Jumamosi. Mkufunzi aliyeweza kusema hapana mwezi Mei, wakati farasi alikuwa mzima na dunia yote ikimtaka, hakupata shida kulisema tena Oktoba.

Hesabu hii ikiletwa Dodoma

Jirani zetu wa Singida wametupa mfano wa binadamu unaofanana. Alphonce Simbu alishika nafasi ya pili katika maratoni ya Boston tarehe 21 Aprili 2025 kwa saa 2:05:04, na tarehe 15 Septemba mwaka huohuo akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha, huko Tokyo, kwa saa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Kati ya maratoni hizo mbili ziko wiki 21. Sekunde 0.03 ni tofauti ndogo mno kiasi kwamba mtu yeyote anayefundisha wakimbiaji anapaswa kujiuliza ni jambo gani katika wiki hizo lingeipoteza.

Watoto wetu hawapewi nafasi kama hiyo. Mwanafunzi anayetaka kufika UMISSETA ngazi ya taifa hupita shule, kata, wilaya na mkoa, na ngazi hizo hufuatana kwa karibu kuelekea katikati ya mwaka. Katika kila ngazi kuna mchujo na fainali, na mtoto mwenye kipaji cha mita 1,500 huombwa akimbie pia mita 3,000 na kupokezana vijiti kwa sababu shule inataka pointi. Juu ya hayo, mjini Dodoma kuna mbio za barabarani za kuchangisha fedha, na ukifika Julai kuna NBC Dodoma Marathon, ambako kijana aliyekwisha kuchoka huvutwa na zawadi anayoihitaji kweli. Farasi hasemi anapochoka. Mtoto wa kidato cha pili mbele ya mwalimu wake, mwalimu mkuu na wazazi waliokuja kutazama, naye mara nyingi hasemi.

Hatuwezi kuzisogeza tarehe za serikali, lakini tunaweza kuamua ni ngazi ipi inahitaji ushindi na ipi inahitaji kupita tu, kama Sovereignty alivyoweza kuwa wa pili Florida bila hasara. Mtoto aliye na uhakika wa kuvuka wilaya kwa mita 1,500 hana sababu ya kuvunja rekodi ya wilaya, wala ya kukimbia mita 3,000 alasiri ileile. Siku kumi zikibaki kati ya mkoa na kambi ya taifa, mazoezi makali ya uwanjani Jamhuri hayamwongezei kasi. Yanachukua kile ambacho mwili ulikuwa unakijenga.

Ninawaomba walimu wenzangu wa Chamwino, Bahi, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa tuandike, kabla shule hazijafungua msimu wa michezo, karatasi moja kwa kila mkimbiaji. Juu iwekwe tarehe ya shindano kuu analolengwa. Chini yake zihesabiwe wiki kurudi nyuma, zikionyesha za mazoezi makali na za kupunguza. Na upande wa kulia yaandikwe majina ya mashindano ambayo mtoto huyo hatakimbia mwaka huu, pamoja na sababu, na karatasi isainiwe na mwalimu mkuu mapema, ili siku ya Jumamosi mtu atakapokuja na basi akiuliza kwa nini mtoto wetu hodari hayumo kwenye orodha, jibu liwe limeandikwa tayari.